Pombe Inaamka Mbele ya Maji

Mjukuu wangu Kabugho,

Hapa Bwera sisi ni wazima, mama yako amemaliza kuvuna kahawa, na goti langu limetulia kidogo. Uliniuliza kama naamini umeme unaweza kutoka kwenye maji ya moto yanayomwagwa na kiwanda, maji yasiyofika hata kuchemka.

Nilipokuwa msichana, mama aliniachia pipa la kupika waragi, ile pombe kali, ya harusi ya kaka yangu. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukalegea, na pipa likakataa kuchemka. Nikakimbilia kwa jirani kuomba kuni kavu, nikilia. Mama akanikuta njiani nikirudi na mzigo wa kuni.

"Weka chini," akasema. "Moto mkali utatuletea maji matupu. Pombe inaamka mbele ya maji."

Akanivuta mpaka kwenye mdomo wa bomba linalotoka kwenye pipa. Matone ya waragi yalikuwa yanaanguka ndani ya chupa, na maji ya pipa hayajachemka bado.

Kwa hiyo ulipoandika kwamba wewe na wenzako mlichanganya maji na kitu kinachochemka mapema, mkaupasha mchanganyiko kwa yale maji ya kiwanda, mvuke wake ukazungusha mashine na taa yenu ikawaka, sikushangaa. Niliketi tu nikapumua, kama siku ile nilipotua zile kuni.

Bibi yako,
Biira