Papa, Ulinitaja Mbele ya Wakwe

Papa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Goti lake linamruhusu kupanda shambani mvua hizi? Huku mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na dawa iko kwako. Ndiyo maana barua hii inaletwa mkononi na mke wa mchungaji.

Unajua kwamba miaka hii yote naandika bila jina juu ya wale wanaofukuza wakulima kwenye vilima vya Kibabi ili walishe ng'ombe wao. Katika ukoo mzima nilikuambia wewe peke yako. Makala yangu yamo ndani ya kompyuta niliyokodi nchi nyingine, nami naiingia kwa mbali kupitia intaneti. Sijawahi kuiendea moja kwa moja. Mashine ya mtu nisiyemjua inanipitisha kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu. Kompyuta inaona mlango wa mwisho tu, haijui nilikotoka. Rafiki yangu mwalimu wa Pinga, anayenikusanyia ushuhuda wa waliofukuzwa, anapita njia hiyohiyo. Inakwenda polepole kama pikipiki kwenye matope, lakini hakuna aliyetufikia.

Mwezi uliopita mtu akaandika chini ya makala yangu: "Tunamujua papa yako." Nikadhani mashine imenisaliti. Nikabadilisha funguo zote, nikamlaumu mwalimu kwa uzembe. Kisha mdogo wangu akanipigia kunieleza habari za mahari yake kule Mpofi, akicheka.

"Kaka, bale batu balikuwa banatuzarau. Banauliza, mu jamaa yenu muko na nani mukubwa? Papa akasimama: 'Ule mwenye kuandika juu ya vilima vya Kibabi, njo mutoto yangu wa kwanza.' Hata mimi sikujua! Nyumba yote ikapiga makofi. Bakapunguza mbuzi mbili."

"Nani alikuwa ndani?"

"Bakwe tu. Na shemeji yao, ule mwenye kuchunga ngombe za mukubwa kule Kibabi."

Mbuzi wawili, Papa. Nimepigana na wenye bunduki na wenye digrii, hakuna aliyejua mimi ni nani, nawe umenitoa kwa mbuzi wawili na makofi ya wakwe. Usiniambie kusifia ukoo ni desturi. Wajomba zangu wa Walikale hawamtaji mwindaji ambaye bado yuko msituni. Hilo nalo ni desturi.

Mimi niko mbali, hawanifikii. Mwalimu yuko Pinga, na wakishajua ukoo wetu, yeyote atawaambia nilisoma dawati moja na nani.

Kwa hiyo nakuomba, kwa ukali wote ambao mwana anaruhusiwa: rudi Mpofi. Simama mbele ya walewale useme ulidanganya ili upunguziwe mahari. Sema mwana wako wa kwanza hajui hata kuwasha kompyuta, kwamba anaosha vyoo vya watu na amewasahau. Wakicheka, waache wacheke. Wakidai mbuzi wao, wape. Najua ninachokuomba, mzee wa heshima kama wewe. Lakini mwalimu ana watoto.

Nisalimie Mama, na shangazi aliyenilea. Mdogo wangu mwambie sina kinyongo naye. Msalimie pia bibi arusi, hana kosa.

Ni mimi mwana wako, ambaye hutamsifia tena mbele ya mtu.