Nywele Alizoahidiwa Mama wa Mateso

San Onofre, 9 Januari 2024

Mwanangu Araceli,

Hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi kiungulia kinanisumbua, lakini bado nakula, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Namkabidhi dereva wa basi jibini na barua hii, maana kwenye simu unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Jambo ni zuri. Tangu uondoke baada ya Krismasi, mji mzima unazungumza habari za nywele zako. Sokoni nimewaambia wote, huyo ndiye binti yangu, msuko umemfika kiunoni. Najua umefika katikati ya mgongo tu, lakini sokoni hakuna aliyekuja na futi. Baba yako alikuwa na kipara kabla hatujafunga ndoa, ndugu zake wote vichwa kama mabakuli, na wewe ulikuwa unawafuata. Nakumbuka ulivyokaa mezani na kofia, ndiyo kwanza umeanza vidonge vya homoni, umetuambia tukuite Araceli, halafu ukalia kwamba umekuwa mwanamke mwenye kichwa cha babake.

Siku ile nilikwenda kanisani, kwa sanamu ya Bikira Maria, Mama wa Mateso, nikaweka nadhiri. Nywele zako zikiota, msuko wa kwanza ni wake, atengenezewe wigi jipya la maandamano ya Ijumaa Kuu. Sasa zimeota. Akina mama wanaomvalisha nimeshawaambia. Njoo wakati wa Kwaresima tuukate.

Mama yako mwenye kujivuna,
Hermelinda

Guadalajara, 20 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, jibini imefika, ahsante. Pole na kiungulia, punguza pilipili.

Barua yako nimeirudia nikidhani kuna mstari nimeuruka. Umeahidi nywele zangu? Ulimwomba nani ruhusa? Hizi hazikuletwa na sanamu, Mama. Nimemeza vidonge asubuhi na jioni, nimetolewa damu ya kupima mpaka mkono ukaota sugu. Mwaka mzima nilikaa mbele ya kioo nikitafuta malaika, vile vinywele laini vya kitoto, na siku nyingine nilikuwa nikijidanganya kwa sababu ya taa.

Na wanaozitaka ni akina mama wale wale walioniita kwa jina la zamani mlangoni pa kanisa, kwa makusudi, huku wakitabasamu. Waambie hapana.

Mwanao,
Araceli

San Onofre, 3 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa kavu. Mimi mzima. Pilipili sijapunguza.

Unasema ni vidonge. Sawa, na aliyempa akili mtu wa vidonge ni nani? Mimi sikusoma sana, lakini hilo halihitaji darasa. Nadhiri ni nadhiri. Wewe hukai hapa, wewe hukutani na Bi Domitila. Jana nimepeleka tamali za mahindi kwenye kikundi cha kumvalisha Bikira, naye ndiye mkubwa wao, akaniuliza mbele ya watu:

"Dada Hermelinda, msuko uko njiani au bado unaota?"

"Uko njiani."

"Umwambie afanye haraka basi. Bikira naye anaingia uzee."

Wakacheka wote, na tamali zangu wakiwa nazo mdomoni. Araceli, nimekuzaa, nimekutetea kwa shangazi zako mpaka mmoja hatusalimiani hadi leo. Sikuombi figo. Nywele si mguu, zikikatwa zinaota tena.

Mama yako, ambaye jana hakulala kwa hasira,
Hermelinda

Guadalajara, 11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Nakuandikia jambo ambalo sikutaka kukuandikia. Hujawahi kuniona nikiwa nimefungua msuko. Ukija huku nausuka kabla hujaamka, na nikija huko nalala nao.

Homoni zilizuia nywele zilizokuwa zikidondoka, na za utosini zikarudi, nyingi, nzuri, sikatai. Za panjani hazikurudi. Daktari ananiambia palipokwisha kuwa na kipara miaka mingi mara nyingi hapaamki, na mimi pembe mbili za mbele ziliondoka nikiwa bado chuoni. Kwa hiyo kila asubuhi nazivuta zile ndefu za utosini, nazileta mbele, nafunika pembe, nabana, ndipo nasuka. Ukikata msuko, sina cha kuvuta. Nitarudi kwenye kofia. Nitakwenda kazini na kofia, nitengeneze meno ya watu nikiwa na kofia, na watu watatazama paji la uso wangu kwanza ndipo wanisalimie. Miaka mingine mitatu ya kungoja ziote, Mama.

Umekisifia kichwa usichokijua. Usinipigie mpaka umewaambia hapana. Na sababu usiwaambie.

Mwanao,
Araceli

San Onofre, 2 Aprili 2024

Mwanangu Araceli,

Natumaini Pasaka imekukuta mzima. Mimi nipo. Nimenyamaza muda wote huu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Nakukasirikia wewe, na daktari, na hizo pembe mbili.

Nilikwenda kwa padri nikitaka aniunge mkono. Akasema, "Mama Hermelinda, huwezi kumwahidi Mungu kuku wa jirani." Nikamwambia mwanangu si jirani. Akasema, "Kwa nywele, ni jirani." Misa ya siku ile sikutia kitu kapuni.

Basi nikaenda kwa Bi Domitila. Wote walikuwepo, wanakunywa kahawa. Nikasema, "Msuko hauji."

"Kumbe hazikuota," akasema. "Mimi nilijua ni wigi lile. Ulikuwa unatudanganya, dada."

Simu ilikuwa mfukoni, na picha zako za Krismasi zimo. Na ulimi wangu, unaujua, ulikuwa umeshaipanga sababu yote, pembe ya kulia na ya kushoto. Nikasema, "Hauji tu." Wakangoja niendelee. Nikamaliza kahawa yangu nikaondoka, nikiwasikia wananicheka kabla sijafika getini. Hilo, mwanangu, lilikuwa gumu kuliko kukuzaa, na wewe ulikuja ukitanguliza miguu.

Ijumaa Kuu Bikira alitoka na wigi lake la zamani, na watu walinitazama mimi kuliko walivyomtazama yeye. Nadhiri niliiweka mimi, kwa hiyo nimeilipa mimi, kwa magoti, kutoka mlangoni hadi altareni. Sijafurahi. Usije ukanisifu.

Ukija, ningependa uzifungue mbele yangu, nizione hizo pembe, angalau nijue ninanyamazia nini. Sitamwambia mtu. Najua huniamini. Mimi mwenyewe najiamini nusu.

Mama yako,
Hermelinda