Nimekaa Garini Miaka Ishirini na Minane

Mpendwa mshauri wa ukurasa wa Alhamisi, naomba msaada, ila kwanza pokea salamu zangu mimi Orvokki, mpishi wa shule niliyestaafu, na za mume wangu Reijo ambaye hajambo isipokuwa mgongo, na za mama mkwe wangu Impi mwenye miaka tisini na mmoja na masikio yanayosikia anachotaka tu, na za binti yetu Tuire ambaye ndiye habari yenyewe, na za mbwa wetu Nuppu aliyelalia mguu wangu hapa ninapoandika. Sote wazima. Tunakusoma kila wiki, Reijo hudai anasoma habari za uvuvi lakini namwona. Majina ubadilishe. Mimi sikusoma sana, nikisahau nukta wewe weka.

Tuire anacheza hoki ya barafu. Alianza ana miaka tisa, na wavulana, kwa sababu timu ya wasichana haikuwepo hapa mjini, na siku ya mechi ya kwanza dume moja la miaka kumi na moja likambamiza ukutani, nami sijui nilifikaje lakini nilijikuta katikati ya barafu na viatu vyangu vya jikoni, nikaanguka chali, refa akasimamisha mchezo, watu wawili wakanibeba, na tukafungwa saba bila. Mechi iliyofuata nikabaki garini kwa aibu, nao wakashinda. Kocha akaja kugonga kioo akasema, "Mama Tuire, sikufukuzi, ila hapo ulipokaa pana bahati." Unawajua watu wa hoki, mshauri. Mmoja hafui soksi mpaka msimu uishe, mwingine lazima aanze kiatu cha kushoto, na hakuna anayemcheka mwenzake. Basi na mimi nikawa soksi ya timu.

Tangu hapo kila mechi ya nyumbani niko garini nje ya ukumbi wa barafu, chini ya taa ya tatu ya maegesho, na chupa ya kahawa na sindano zangu za kufumia, na wachezaji, wavulana kwanza, kisha wasichana timu yao ilipoundwa, kabla ya kuingia ukumbini kila mmoja hupiga paa la gari mara mbili kwa kiganja. Mtoto amekua, akaitwa timu ya taifa, akaleta medali ya shaba, akapoteza jino la mbele, asubuhi anasambaza barua za posta na jioni yuko mazoezini, nami mchezo wake naujua kwa kelele zinazopenya ukutani. Hata akionyeshwa kwenye televisheni mimi hutoka nikakae garini uani. Reijo huja kila mapumziko kunipa habari, na Reijo si msimuliaji, husema, "Wamo," akarudi ndani. Gari limeoza chini, anataka kuliuza, timu imemkataza. Na wakifungwa, maana hufungwa pia, msimu uliopita mara kumi na moja, huwa pana sababu yake, aidha Nuppu alibweka au niliegesha taa ya pili.

Sasa dhambi yangu. Miaka sita iliyopita ilikuwa fainali, baridi ya kupasua mti, na kifaa cha kupasha gari joto kikafa. Nikaingia kwenye ukumbi, nakuapia mshauri, nipashe vidole tu pale koridoni. Lakini mlango ulikuwa na ufa, na kwenye ufa nikamwona mwanangu peke yake na golikipa wa wenzao, penalti ya mwisho. Nikachungulia. Kile kisahani wanachokipiga badala ya mpira kikagonga mwamba wa goli, ule mlio wa chuma ninao mpaka leo. Nikakimbia kurudi garini. Tuire alipotoka akaketi kando yangu, jasho limegandia nywele, akasema, "Asante mama. Angalau wewe ulikaa mahali pako." Nikammiminia kahawa. Miaka sita sijamwambia.

Mwaka huu ana thelathini na saba na magoti yamekwisha, anaacha. Mechi yake ya mwisho ni Jumamosi hii, na ni fainali. Juzi kaja na tiketi, mstari wa pili, nyuma ya benchi lao, kaiweka juu ya mkate. "Mama, Jumamosi unaingia."

"Na bahati je?"

"Nataka unione mara moja kabla sijaisha."

Jioni hiyohiyo golikipa wao Saimi kanipigia simu. "Mama Orvokki, nakupenda kama mzazi, lakini kaa garini. Usituue." Mama mkwe naye anasema, "Nenda, umeshaliketia hilo gari mpaka limekuwa kaburi." Nikiingia wakafungwa, nitakuwa nimemharibia mwanangu mara mbili. Nisipoingia, nitakufa sijamwona akicheza. Na hilo la ufa wa mlango nilimeze au nilitoe? Tafadhali nijibu upesi, Alhamisi hii hii, ikipita hiyo haina kazi tena.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Orvokki, majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa gari lililo chini ya taa ya tatu mji mzima unalijua.

Umeniandikia kwa mkono wako kwamba msimu uliopita walifungwa mara kumi na moja ukiwa garini. Ukiwa nje wakishinda ni wewe, wakifungwa ni mbwa. Mbwa angejua kuandika, ningepata barua ya pili. Ile penalti gongo la kuchezea lilishikwa na Tuire, na mbele yake palikuwa na golikipa aliyelala vizuri siku hiyo. Wewe ulikuwa unapasha vidole. Usijipe cheo ambacho hukupewa.

Sasa nikukaripie kidogo, maana ninakupenda. Sidhani ulikaa garini kwa ajili ya bahati. Ulimwona mwanao akibamizwa ana miaka tisa, ukashindwa kutazama tena, na kocha akakupa kisingizio kizuri. Si aibu, wako wengi wanaofumba macho. Lakini wewe umefumba miaka ishirini na minane, na mwenye kutazamwa amechoka kungoja. Tuire hakukuomba kombe. Ana jino la bandia na shaba kabatini, kushindwa anakujua. Amekuomba macho yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho Ijumaa mpikie, na akiwa na tonge mdomoni mwambie habari ya ufa wa mlango. Sema kwa kifupi, usilie kabla yake. Akikasirika, mwache akasirike hadi kahawa. Nadhani atacheka, na huenda akakwambia jambo ambalo yeye naye amelimeza miaka sita.

Jumamosi egesheni chini ya taa ya tatu kama kawaida. Chupa ya kahawa iacheni kitini. Wasichana wapige paa, Saimi apige hata mara nne akitaka. Gari liendelee na kazi yake, wewe nenda kwenye yako. Reijo akae kushoto kwako akushike koti. Vaa viatu visivyoteleza, ila barafuni usiguse. Akiangushwa, kaa chini, hesabu mpaka kumi. Atainuka. Ameinuka miaka yote hii bila wewe kuona.

Na Jumapili niandikie upesi, hata mistari miwili. Matokeo usiniambie, nitayasikia redioni. Niambie anavyoteleza juu ya barafu.