Kidevu cha Gari la Kapteni

Hombo, Mutsamudu

Mdogo wangu Zuhura,

Pokea salamu za kaka yako, mzima wa mwili lakini mambo yamenifika kooni. Mama hajambo? Mguu wake umepona, au bado anaufunga majani na kumkimbia daktari? Nawe, bibi harusi, umeshawekwa ndani kusingwa, au bado unazurura na mashoga zako?

Usikasirike mapema. Soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Yule Kapteni niliyekuandikia habari zake, mzungu mmoja katika hawa askari wa kukodiwa waliojaa Moroni, ana gari la mashindano, jekundu, la chini kama kobe. Injini yake iko nyuma, haina rejeta wala tone la maji. Inapozwa na upepo tu, feni inavuta hewa kupitia matundu ya kifuniko cha nyuma. Moroni nzima imeshanifundisha kazi yangu: "Fundi, tia maji!" Nitie wapi, jamani? Sikioni?

Halafu Kapteni akaagiza spoila kutoka Ufaransa, kidevu kinachofungwa chini ya bampa la mbele. Ati kinazuia upepo usijae chini ya gari, ili joto la injini lipate pa kutokea. Si uongo, gari likiwa linakimbia. Lakini Moroni likimbilie wapi? Ukitoka gereji mpaka soko la Volo Volo umeshasimama kwa ajili ya mbuzi, mikokoteni, na watu wanaosalimiana katikati ya njia. Na kila jiwe likikikwangua hicho kidevu, naitwa mimi. Nimekiziba, nimekipaka rangi, nimechoka. Mara ya mwisho kilipasuka vipande viwili, nikakifungua nikamwambia, "Kapteni, gari litakwenda bila hiki." Akanitazama. "Injini ikiungua," akasema, "utanijibu wewe."

Haya. Mpwa wa Mzee Msa, mwenye nyumba wangu, akawa anafanya harusi yake kubwa. Kule Ngazija, kisiwa cha Moroni, mwanamume hajawa mtu mbele za watu mpaka aifanye hiyo harusi, hata akiwa na mvi. Wakamwomba Kapteni gari limpeleke bwana harusi kwa mkewe katika mji wa Ntsoudjini, naye akakubali, akatoa na dereva. Katika maandamano ya kule wanaume hutangulia, gari likawa katikati, wanawake nyuma wanaimba. Mimi nilikuwa mbele na kanzu yangu ya Idi, najiona na mimi mtu.

Sasa sikiliza balaa. Wanawake ndio watakaolitazama gari kwa nyuma njia nzima. Bibi Echati, dada yake Mzee Msa, akaona ni aibu liende na mgongo mtupu. Akalivisha kitambaa kizito cha zari kutoka paa mpaka bampa, akakikaza barabara juu ya yale matundu. Injini ikawa inavuta zari badala ya hewa, tena juani, mwendo wa ngoma!

Hatujafika Ntsoudjini nikasikia harufu ya oili inayoungua. Nakimbilia nyuma, injini imeshanoki. Nikakichana kile kitambaa, nikakificha ndani ya kanzu kabla dereva hajashuka. Bwana harusi akamalizia kwa miguu, watu wakacheka, akaoa.

Kesho yake Kapteni akaingia uani kwa Mzee Msa, bastola kiunoni, anauliza nani ameliua gari lake. Bibi Echati alikuwa amekaa kizingitini, anataka kusema. Zuhura, huyu ndiye aliyenilisha uji kwa mkono wake nilipolala na malaria. Nikamwahi.

"Ni kukosa spoila, Kapteni. Ulisema kweli, mimi sikukusikia."

Uso ukamkunjuka kama mtu aliyeshinda kesi! Lakini pasipoti yangu akaichukua. Sitoki visiwani mpaka pistoni na spoila mpya vifike na gari liwake. Ndiyo maana nimeletwa huku Mutsamudu, kisiwa kingine, kuvingojea bandarini. Kila asubuhi nateremka kuuliza meli, kila asubuhi karani ananiambia inshallah. Na lugha ya Ngazija ndiyo kwanza nilikuwa nimeishika, huku wana yao nyingine! Nimemkasirikia Kapteni, nimekikasirikia kidevu chake, nimemkasirikia na aliyebuni injini isiyokunywa maji.

Baba hayupo, Zuhura. Mimi ndiye walii wako, mimi ndiye wa kukuozesha, na sitafika. Hilo ndilo linaloniuma, mengine ni makelele tu.

Basi mbele ya imamu wa msikiti wa hapa na mwenyeji wangu, waliotia saini zao chini, nimempa uwakili Ami Suleiman, ndugu wa baba, akuozeshe kwa niaba yangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe.

Mama mbusie mkono, na umweleze polepole, usianze na bastola. Msalimie jirani yetu Bi Rukia aliyekubeba mgongoni. Na huyo shemeji yangu mwambie gari la harusi asilivishe nguo.

Ami atakapokuja mlangoni kukuuliza kama umeridhia, desturi bibi harusi hunyamaza, na kimya chake ndiyo jibu. Wewe usinyamaze. Sema kwa sauti, nikusikie huku.

Kaka yako,
Nassor