Wamesema Hakuwa Mama Yake

Kawempe, Kampala

Kwa Mama yangu, Mama Shabani wa Muheza,

Shikamoo, Mama. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado inakusaidia, au umeshaigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na mvua, zimefika huko au mnazisikia tu kwa watu wa Amani kule milimani? Mimi mwili hauna neno, nala na nalala. Moyo ndio umechafuka. Ningekupigia simu, lakini ningepayuka nawe ungeshindwa kulala. Tena, Mama, simu zimenichosha. Barua hii anaileta dereva wa lori wa Korogwe anayepakia mizigo huku. Mpe chai, ni mtu mwema.

Kazi iliyonileta huku unaijua: kupokea simu za wateja wa Kiswahili, wa kwetu na wa Kenya, katika kampuni inayouza taa za umeme wa jua. Tulikaa safu kwa safu, vipokea sauti masikioni, na ukutani skrini kubwa ikionyesha nani anaongea kupita muda. Hata salamu tuliandikiwa. Mzee wa Lushoto akipiga, akitaka kujua nimeamkaje na nyumbani kwetu hawajambo, ilibidi nimkatishe na kumsukuma kwenye shida ya taa yake. Nikimjibu ulivyonifundisha wewe, jina langu linageuka jekundu pale ukutani. Nikazoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Lakini hili la Akello sikulizoea, na sitalizoea.

Akello alikuwa anakaa kushoto kwangu. Kwao ni Kitgum, kaskazini. Baba yake alikuwa askari, naye kakulia kambini, ndiyo maana Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka kama fimbo. Aliyemzaa alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Akalelewa na dada mkubwa wa marehemu, Mama Sabina. Huyo ndiye aliyemsuka nywele, akamchapa, akamsomesha. Siku Akello alipoajiriwa, Mama Sabina alisafiri mpaka Kampala na mfuko wa simsim, ndio ufuta wetu, kichwani, akatupikia, akatuombea, akarudi.

Jumanne moja, wakati wa chakula cha mchana, Akello alipigiwa simu kutoka nyumbani. Mama Sabina amefariki, maziko ni Alhamisi. Alikaa palepale kwenye ngazi, watu wakawa wanamruka. Nikamwinua, tukaenda ofisi ya wafanyakazi kwa Madamu Doreen. Ni dada mpole, ananukia vizuri, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Bora angefoka, Mama.

"Pole sana, Akello," alisema. "Marehemu ni nani wako?"

"Mama yangu."

Akatazama kompyuta. "Hapa inaonyesha mama yako alishafariki zamani."

"Yule alinizaa. Huyu ndiyo mama."

"Yaani ni anti yako."

"Hapana, Madamu. Mama."

"Ruhusa ya msiba ni ya mzazi, mume, mke au mtoto," akasema, bado kwa upole. "Anti hayumo. Si mimi, dada yangu. Ni mfumo."

Mama, unajua mdomo wangu. Nikamuuliza, "Madamu, kwenu Ankole, dada yake mama mnamwitaje?"

"Nyumbani tunamwita mama," akasema. "Lakini hapa siyo nyumbani."

Nilikuwa nakuwaza wewe uliyenitoa mikononi mwa mdogo wako aliyenizaa siku alipokata roho, ukanifunga mgongoni pamoja na Shabani. Kwa hesabu za watu hawa wewe si mtu wangu. Ukiondoka duniani leo nitaambiwa nirudi kwenye kiti nikawaulize wateja kama betri imejaa. Nani aliwapa watu hawa ruhusa ya kutupangia mama? Na huyo mfumo kila mtu anamtaja, lakini sijawahi kumwona akizaliwa kwa mtu wala akizikwa.

Akello alifuta uso kwa kiganja. "Basi mimi naenda," akasema. "Maiti itangoja mfumo?"

Tukaja kwangu Kawempe kumtafutia nguo za safari. Hajati, mwenye nyumba wangu, ni mjane wa Kinubi, mumewe alikuwa polisi. Alipotuona mlangoni hakuuliza marehemu ni wa damu gani, wala Akello ni wa dini gani. Aliuliza, "Umekula?" Akamlazimisha chai, akamfunga kitenge kiunoni, akapanda naye pikipiki mpaka kituo cha mabasi, akaketi naye mpaka basi likaondoka. Hazina ya utu iko chumba cha uani Kawempe, Mama, na wale wa kampuni wamejijengea jumba la vioo mjini wasiione.

Asubuhi yake kiti cha Akello kilikuwa na msichana mwingine. Kampuni haikungoja hata jua lichome. Na ujumbe wa kumfukuza kazi ulimfikia Akello makaburini Kitgum, padri akiwa bado anasoma. Alidhani ni mtu anatuma pole.

Ijumaa huwa tunavaa fulana za kampuni zilizoandikwa kifuani SISI NI FAMILIA. Ijumaa hiyo mkurugenzi alituita ukumbini kutusifu. Akasema familia hujitolea, familia haihesabu saa. Nikasimama. Sikuwa nimepanga, miguu ilisimama yenyewe.

"Mheshimiwa, familia hii ilizika jana Kitgum. Kati yetu nani alikwenda?"

"Amefariki nani?" mkurugenzi akauliza.

"Mama yake Akello."

Akamgeukia Madamu Doreen. "Akello ni nani?"

Doreen akainamisha kichwa. Mimi nikaivua ile fulana mbele yao wote, nikaiweka kwenye kiti. Usishtuke, ndani nilikuwa na blauzi. Wenzangu wawili nao wakavua. Wengine walitazama viatu vyao, na siwalaumu, wana watoto.

Jumatatu niliitwa peke yangu. Ndivyo wanavyofanya, mmoja mmoja, ili kila mtu ajione mwenda wazimu. Wakataka niombe radhi hadharani. Nikawaambia radhi wamwombe Akello. Nikafukuzwa kazi palepale, nikatolewa na mlinzi ambaye kila asubuhi nilikuwa namsalimia kwa jina, hakuthubutu kuniangalia.

Wale wenzangu wawili walipewa onyo. Akello aliporudi, walimwambia atapokelewa tena akikiri kwa maandishi kwamba aliondoka bila sababu. Alicheka, kicheko kibaya. "Nikiandika hivyo, nimezika jirani," akasema. Sasa anakaa nami, anasaga simsim na kuiuza hapa Kawempe. Mimi niko Kikuubo, kwenye maduka ya jumla mjini, kwa mpwa wa Hajati, nauza vitenge vya jumla kwa Wakongo na watu wa kwetu. Wateja hunisalimia mpaka wachoke wenyewe, na hakuna ukuta unaogeuka mwekundu.

Usidhani nimetulia. Juzi Madamu Doreen alipita dukani kutafuta kitenge cha harusi ya ndugu yake. Aliponiona alishika mkono wangu, akaninong'oneza, "Nisamehe, nilikuwa nafanya kazi yangu." Nikamwambia, "Hukuniudhi mimi. Akello yuko Kawempe, nyuma ya msikiti. Nenda ukamwambie pole ya mama yake, kwa mdomo wako." Akaitikia. Mpaka leo hajaenda.

Nisalimie kaka Shabani na chipsi zake za stendi, mwambie apunguze moshi, kifua si cha kuchezea. Nisalimie mjomba Kibwana, muadhini wetu, na shoga yako Mama Tunu fundi cherehani. Bibi mwambie nala vizuri. Haya mengine usimsomee. Akello anakusalimu, anasema shikamoo yake uipokee kama ya mtoto wa nyumbani.

Na mtu yeyote akija na kalamu yake kukuuliza mimi ni nani wako, mjibu neno moja tu, Mama: mwanangu. Usimfafanulie.

Mwanao,
Rehema