Kuni za Matubwitubwi

Mama,

Sijui barua ya mtu aliyezikwa hupelekwa na nani, lakini wewe hata za walio hai hukuwa ukizisoma. Ulinipa mimi nikusomee, ukinikazia macho nisiruke neno. Basi na hii nakusomea mwenyewe, kwa sauti, hapa Gatina, Kawangware, chumbani mwako. Mlango nimeufunga ili majirani wa ploti wasiseme binti yako ameanza kuongea na ukuta. Nina aibu, mama. Nakuambia mapema, usije ukadhani nimekuja kulia tu.

Unakikumbuka chumba chetu cha udongo kule Kianda, nyuma ya kinyozi, miaka ile ya tisini? Nilikuwa sijaanza shule. Asubuhi moja ulikuwa ukinipangusa uso, mkono ukasimama shavuni, ukabonyeza, ukacheka. "Haya! Matubwitubwi yamekufikia na wewe!" Watoto wa ploti walikuwa wameyapata karibu wote, na dawa yake ulikuwa umekuja nayo kutoka nyumbani, upande wa magharibi, kwa nyanya yako. Mtoto anatwikwa kuni, anaenda hadi kwenye mti, anauzunguka akiuambia uyachukue yale matubwitubwi, anazitupa kuni chini na kutimua mbio hadi nyumbani. Kuni zinaachwa hapohapo, haziguswi. Na mtoto hageuki nyuma. Akigeuka, yanamfuata.

Kianda mti wa maana tungeutoa wapi? Tuliupata mtaa wa Olympic, nje ya ua wa nyumba za mawe, na msichana wa kazi aliyekuwa akianika nguo alitutazama kama watu tuliorukwa na akili. Ulinitwika kuni nzuri, kavu, zile ulizokuwa umeziweka kando za kuchemshia maharagwe. "Mbio," ukasema, "na hiyo shingo yako isipinde!" Nikazunguka, nikasema maneno, nikatupa, nikatoka mbio. Nilipofika kwenye kona ya duka la mkate, mama, niligeuka.

Nilitaka tu kuyaona. Nilidhani nitayakuta matubwitubwi yameketi juu ya zile kuni, yana macho, yananitazama. Hapakuwa na kitu. Wewe ulikuwa umemgeukia yule msichana wa kazi, hukuniona. Uliponifikia ukaniuliza, "Hukugeuka?" Nikasema sikugeuka.

Shavu halikurudi. Lilikua, likawa gumu, likaanza kulisukuma jicho, na gego likalegea. Baba alisema ni jino tu, akanipeleka likang'olewa, na uvimbe ukalijaza lile pengo. Watu wakaacha kucheka. Mama Atieno wa mlango wa pili, aliyekuwa akinibeba kuliko hata wewe, akaanza kuwaita wanawe ndani kila nikitokeza. Wapo walionong'ona kwamba ni ule ugonjwa wa siku hizi. Wapo waliosema umemkosea mtu, sasa unalipishwa. Ukawa unanifunika kichwa kwa leso hata jua likiwaka, na mimi humo ndani ya leso nilijua kabisa kwamba mambo haya nimeyaleta mimi. Wewe ulikuwa ukiona haya mbele ya majirani, nami nilikuwa nikiona haya mbele yako.

Mama mdogo ndiye aliyetuokoa, na ule mdomo wake. Tulitembea kutoka Kianda, tukavuka Ngong Road hadi huku Kawangware, umwombe anikalishe kwake mpaka maneno yapoe. Aliifunua leso, akanitazama, akaitupa kitandani. "Dada, umeniletea mtoto nimfiche ama nimzike? Vaa viatu twende hospitali!" Mligombana kwa lugha ya nyumbani njia nzima. Nilikuwa mgongoni kwake nikijiona nimepata nafuu, maana kwa mara ya kwanza mtu mwingine ndiye aliyekuwa akigombezwa.

Daktari aliposema kansa, wewe ulimsahihisha. Woi, mama! "Hapana daktari, kansa ni ya wazee. Huyu hata shule bado." Akakueleza polepole kwamba hii ya taya ni ya watoto, na kwamba wengi aliowatibu walitoka upande wetu. Kisha akakuuliza mbona umechelewa. "Nilidhani ni matubwitubwi," ukasema, "nikampeleka kwa mti." Muuguzi mmoja akarudia, "Kwa mti?" Akamtazama mwenzake, wakabana midomo. Wewe ukaangalia sakafu. Nilitaka kupiga kelele kwamba mti hauna kosa wala mama hana kosa, ni mimi niliyegeuka. Badala yake nikawaacha wakucheke.

Zile dawa za mshipani nilizitapikia mapajani pako, na nywele zikabaki kwenye mto. Baba alikuwa akija na vumbi la mjengo, asiweze kunitazama usoni, basi akawa anaisalimia miguu yangu. "Sasa, miguu? Mmelalaje?" Nami naichezesha, anafurahi, kisha anatoka nje haraka. Asubuhi moja kitanda cha jirani yangu kilikuwa kimetandikwa upya na yeye hayupo, ukanivuta uso kifuani usinionyeshe. Lakini uvimbe wangu uliendelea kunywea, jicho likarudi mahali pake, nikaomba chapati. Tulipotoka hukutaka kurudi Kianda hata kuaga. Ulisema huna nguvu za kueleza watu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Sukari ilipokulaza kwenye kitanda hiki, walimu wenzangu walikuja kukujulia hali. Walikaa hapa, soda mkononi, nami nimejipanga, binti msomi. Ukanishika mkono mbele yao. "Mwanangu, nisamehe. Zile kuni nilirudi nikaziokota. Sikuwa na kitu kingine cha kuwasha. Nikakupikia uji. Ugonjwa wako niliurudisha nyumbani mimi, kwa mikono yangu." Kumbe miaka yote hiyo, kila uliponipapasa taya ukijifanya unaniondolea vumbi, ulikuwa na hilo moyoni!

Na mimi, mwalimu wa sayansi, nilifanya nini? Niliwatazama wageni kwanza. Kabla sijakutazama wewe, niliwatazama wao. Nikacheka kile kicheko chetu cha ofisini, nikakwambia kwa sauti ya darasani, "Mama, kansa hailetwi na kuni. Hayo ni mambo ya ushago, ya kijijini huko, wachana nayo." Mmoja wao akabana midomo. Wewe ukauachilia mkono wangu. "Sawa, mwalimu," ukasema. Hukuwa umewahi kuniita mwalimu, hata siku nilipohitimu. Kisha ukawauliza wageni kama wameongezewa soda, na Jumapili iliyofuata hukuamka.

Nililosema ni kweli, mama, na hata leo darasani ningesema hivyohivyo. Lakini wewe hukuwa umeniuliza swali la sayansi. Ulikuwa umechoka kuubeba mzigo huo peke yako, na katika dunia nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua uzito wake, naye alikuwa ameketi hapo kando yako akijali wageni. Ningesema tu, "Hata mimi niligeuka." Ungeruka hapo kitandani na sukari yako! "Ati ulinidanganya? Wewe mtoto!" Ungenifinya sikio, tungecheka mpaka wageni wajiondokee wenyewe, wapumbavu wawili wa mti mmoja. Badala yake nilikuacha uende zako ukijua kwamba umeniua nusu.

Basi nisikie sasa, wageni hawapo. Niligeuka, mama. Niligeuka, na ulipouliza nikakudanganya. Wewe uliokota kuni kwa sababu mtoto wako alikuwa na njaa. Na uji ule niliunywa wote, upande mmoja wa mdomo, nikaomba mwingine, ukanipa na wako.

Pumzika, mama. Niwie radhi.

Ni mimi mtoto wako, si mwalimu.