Kumbatio la Kuungaunga

Mpendwa Shangazi, naomba uniokoe kabla ya Ijumaa, maana nimefanya jambo ambalo hadi sasa linanishangaza mwenyewe. Kazi yangu ni kukata na kuunga picha za matangazo ya televisheni, na tamthilia yetu ya mama aliyemfukuza mwanawe inaisha Ijumaa, basi bosi akaniambia, "Tia chumvi, watu wasibanduke," nami nikamchukua yule mama akifungua mikono, ambaye kwa kweli anampokea jirani, nikamuunga na mwana anayelia, ambaye analilia kazi aliyofukuzwa, nikaweka muziki na maneno "Hatimaye mama amesamehe," na kumbe mwisho wenyewe mama anamfungia mwanawe mlango.

Shangazi, nilirudi nyumbani nikamkuta mama mkwe sebuleni na jirani zake, tangazo likapita, na mama mkwe machozi yanamtiririka wala hajifuti, yeye ambaye hakulia hata tulipomzika mumewe, mazishi ambayo mwanawe, shemeji yangu mkubwa, hakuyahudhuria, na tangu siku hiyo mama akaapa jina lake lisitajwe kwetu. Mwili ulinisisimka, nikavitazama vidole vyangu, kweli ni hivi vilivyomliza? Kisha akasema, "Mwanangu, kama yule kaweza, mimi ni nani? Ngoja Ijumaa nisikie anamwambia nini mwanawe, maana mimi maneno sina, halafu nimpigie wangu." Namba ameshaitafuta. Nikisema ukweli namvunja moyo, nikinyamaza ataona ule mlango. Nifanyeje?

Fundi Mkasi

Fundi Mkasi, nami nimesisimka kukusoma. Nusu dakika yako ya tangazo imefanya kazi iliyowashinda wazee wa ukoo mzima! Lakini usinijie na habari za chumvi. Chumvi hutiwa kwenye mboga iliyopo. Wewe na bosi wako mmewakaribisha watu kwenye chungu kitupu. Ungeuliza tu, "Je, mama atasamehe?" watu wangekaa vilevile, nawe ungelala usingizi.

Sasa sikiliza. Usingoje Ijumaa. Mkae wawili, bila majirani, umwambie mama kwamba kumbatio lile uliliunga wewe na yule wa tamthilia hasamehi. Atakasirika, na ana haki. Vumilia, wala usimsingizie bosi. Akitulia, mwambie kwamba machozi yake hakuna aliyeyaunga. Hilo nalo ni kweli, tena ndilo unalolisahau kwa woga.

Kabla ya hapo mpigie shemeji yako, mjulishe kuwa mama anamtaja, akae karibu na simu. Na bosi umwambie tangazo libadilishwe kesho, kwani hujui akina mama wangapi wanaingoja Ijumaa hiyo hiyo.

Mama akikwambia hana maneno, usimtungie. Umeshatunga ya kutosha. Piga namba, mpe simu. Akishasema "mwanangu," wewe toka chumbani.